Valvu Nne za Lugusha

Hapo zamani, si zile za sungura kusema, bali zile za bendi kuwa na amplifaya moja na majivuno ya bendi kumi, aliishi Tabora mpiga solo aitwaye Lugusha. Vidole alikuwa navyo, Mungu hakumnyima. Kichwa nacho alikuwa nacho, kikubwa kuliko spika.

Mwenye bendi, Bi Zamda, alikuwa anatafuta kiongozi mpya. Akasema, "Jumapili, dansi la mchana, tunapambana na bendi ya Mwanza. Atakayetupa sauti ya kuwashinda ndiye kiongozi. Mmoja tu. Usukani haushikwi na wawili."

Lugusha akakimbilia kwa Fundi Kazimoto, mtengeneza redio. Alitaka gitaa lingurume. Nyuma ya amplifaya kulikuwa na nafasi ya valvu nne, zile chupa za kioo zinazowaka ndani kama makaa na kuusukuma mlio hadi kwenye spika. Fundi alikuwa nazo za aina mbili.

"Hizi nene zina nguvu," akamweleza. "Besi yake inapiga kifuani, ila mlio wake haukwaruzi mpaka uzisukume sana. Hizi nyembamba zina nguvu kidogo, lakini hukwaruza mapema, na mlio wake unaimba."

"Nene."

"Hujazisikia bado."

"Fundi, mimi ni mtu wa kuchezea vijiti? Nitilie nene!"

Fundi akazitia. Kwenye mazoezi Lugusha akapiga. Madirisha yakatetemeka, kuku wa jirani wakahama, na mwimbaji wao, Salha, akafungua kinywa asisikike. Lugusha akafumba macho kwa raha. "Mnausikia utamu huo?" Wenzake wakatikisa vichwa kukubali, maana masikio yalikuwa yameshaziba.

Salha akamfuata Fundi. "Lile si gitaa, ni mashine ya kusaga. Hebu nijaribishie zile nyembamba." Fundi akazijaribu. Salha akasikiliza, akasema, "Hizo hizo. Zinakwaruza, lakini zinaniachia pa kupitia."

"Lugusha hatakubali."

"Nani kasema aulizwe?"

Jumapili asubuhi Fundi akachomeka nyembamba, akapima umeme usije ukaziunguza, akafunika. Lugusha alipofika akauliza, "Nene zangu zimo?"

Fundi akamtazama bila kupepesa. "Zimo. Na nimezinoa."

Valvu hainolewi, lakini Lugusha alipanda jukwaani kama mtu aliyemeza radi. Siku hiyo gitaa lililia, likakoroma, likambembeleza Salha kila alipoinua sauti. Watu walicheza mpaka viatu vikapotea. Mwanza wakakubali kushindwa.

Lugusha akawaita. "Njooni mwone siri ya wanaume!" Akafungua mgongo wa amplifaya. Vijiti vinne, vyembamba, vinawaka taratibu.

Watu wa Mwanza walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Lugusha akaubamiza mgongo wa amplifaya ukafungika.

"Valvu haipigi gitaa!" akamwambia Bi Zamda. "Wekeni nyembamba, wekeni vibuyu, vidole ni vyangu. Uongozi ni wangu."

"Vidole vyako vilikuwapo kwenye mazoezi, na kuku wakahama," akasema Salha. "Sikio lililochagua ni langu. Uongozi ni wangu."

"Sikio halishiki bisibisi," akasema Fundi Kazimoto. "Nilizitia mimi, nikazipima mimi. Na uongo nao ni wangu. Angejua ni nyembamba, mikono ingemlegea. Uongozi ni wangu."

Bi Zamda akawatazama mmoja mmoja. "Mmoja hajui anachopiga. Mmoja anamzunguka mwenzake. Mmoja anadanganya huku kakukazia macho. Na angekosekana hata mmoja wenu, leo tungeaibika."

Akashindwa kuamua, akatoka nje kutafuta hewa. Basi nyinyi mnaocheka hapo, msidhani mmesalimika. Ingieni kwenye viatu vyake: Lugusha, Salha au Fundi Kazimoto, je, nani alistahili kuongoza bendi?