Jina la Mtoto wa Subilaga

Sogeeni. Na wewe unayetafuna mahindi, tafuna polepole, maana nasimulia mara moja tu na sitaki mtu aniambie baadaye kwamba hakusikia mwanzo. Kusimulia ni kazi yangu. Kuamua ni yenu, na leo mtaipata.

Walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Daktari Hidaya, bingwa wa uzazi huko mjini, mbali kabisa na mlima wa Itununu. Kipaji chake kilikuwa macho na sauti. Mikono ilikwisha kuanza kutetemeka, kisu alikwisha kukiacha, lakini akitazama tumbo lililofunguliwa anajua hatari imejificha wapi, na akisema "kata hapa", hata mkono wa mwoga unatulia.

Wa pili alikuwa Mzee Ambakisye, mtunza jenereta ya tangi la kupozea maziwa, pale senta, penye maduka, chini ya mlima. Kipaji chake kilikuwa injini. Injini waliyokwisha kuikatia tamaa mafundi wengine, yeye akiishika itakohoa, itapiga chafya, itaamka. Mke na watoto wake wote walikuwa wametangulia mbele ya haki, amebaki peke yake.

Wa tatu alikuwa Tusekile, fundi wa mkongo. Mkongo ni ule uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, unaobeba sauti na picha kwa mwanga wa leza. Kipaji chake kilikuwa kuchagua. Mwekee mezani vifaa vitatu, atakwambia kipi kitakufaa na kipi kitakuaibisha mbele ya wakwe.

Sasa subirini niwaeleze jambo moja, bila hilo ugomvi wao hamtauelewa. Mwanga nao huchoka njiani. Ukitoka mjini una nguvu, ukifika chini ya mlima wa Itununu umebaki mnong'ono. Kwa hiyo pale senta kuna kibanda, na ndani ya kibanda kuna kikuza mwanga. Mwanga wa kupanda hospitali ya mlimani na wa kushuka mjini, wote hupita hapo.

Kinakuzaje? Umewaona kina mama harusini? Wamekula wameshiba, vigelegele vimewajaa kifuani, wanangoja tu. Mmoja akianza, hata kwa sauti ndogo, wote wanadaka. Kigelegele kimoja kinatikisa turubai! Basi ndani ya kikuza mwanga kuna uzi wa kioo uliotiwa chembe za madini adimu. Leza ya pembeni, ambayo hula umeme, inazishibisha chembe hizo nguvu. Mwanga dhaifu ukipita katikati yazo, kila chembe inatoa mwanga wake, wa rangi ileile na kuelekea kulekule. Unaingia mnong'ono, unatoka wimbo.

Lakini sikilizeni vizuri. Kina mama usipowalisha, hakuna kigelegele. Wakishiba na wa kuwaanzishia hayupo, watapiga soga zao, na soga inaweza kujaa uwanja mzima. Na wapo wanaopiga soga hata bibi harusi akiwa anaingia. Vikuza mwanga ni hivyohivyo, kila kimoja kina kelele yake.

Sasa mvua. Ilinyesha mvua ya radi asubuhi moja, radi ikaunguza kikuza mwanga, umeme ukakatika, na mlima ukaporomoka ukafunga barabara. Siku hiyohiyo Subilaga, mke wa Lusajo mchuma chai, akaanza kuvuja damu. Mimba ilikuwa imetimia. Wakambeba hadi hospitali ndogo ya mlimani, yenye umeme wake wa jua, na tabibu Mwaikenda akampima, akatoka nje uso umemshuka.

"Kondo la nyuma limejizika kwenye mji wa mimba," akamwambia Lusajo. "Sijawahi kupasua la namna hii. Nikikata bila kuelekezwa na mtu anayeona, nitawaua wote wawili."

Kule mlimani simu zilishika ukisimama kileleni, sauti tu, tena ya kukatikakatika. Wakampata Daktari Hidaya. Akasema, "Kwa kuhadithiwa siwezi. Nionyesheni." Na picha isingepita pengine ila kwenye mkongo, na mkongo ulikuwa umekufa pale kibandani.

Hapo ndipo Lusajo alipofanya kosa ambalo mpaka leo halimpi usingizi. Alisimama uani mbele ya wazee wa kwao akaapa: "Atakayemletea mke wangu macho ya huyo daktari, mtoto huyu atabeba jina lake!" Kisha akateremka mlima mbio.

Mnacheka? Msicheke. Kwa watu wa Itununu jina si la kuitia tu. Mtoto aliyepewa jina lako ni somo wako. Uji wake wa kwanza anakula nyumbani kwako. Siku ukifa, udongo wa kwanza kaburini ni wa mkono wake. Asiye na somo huzikwa na waliokuwepo, na jina lake halitajwi tena.

Haya, Tusekile. Ndani ya stoo ya kampuni yake ya mkongo, pale senta, vilikuwemo vikuza mwanga vitatu, na kufuli mlangoni. Msimamizi akamwambia kwa simu, "Subiri kibali." Na neno hilo Tusekile alikuwa amewahi kulisikia. Mwaka uliotangulia mdogo wake, Lugano, alishikwa na uchungu mlimani palepale, mkongo ukiwa umekufa kama siku hiyo. Tusekile aliambiwa asubiri kibali. Akasubiri. Lugano akafa na mtoto tumboni. Safari hii alichukua nyundo akavunja kufuli.

Lusajo alipofika akavamia kikubwa kuliko vyote.

"Shemeji, si hicho," Tusekile akasema, akimnyooshea kingine kidogo zaidi.

"Mke wangu anakufa, wewe unaniletea kadogo?"

Akakifunga yeye, kwa ubishi, na vijana wa senta wakamsaidia. Mzee Ambakisye, ambaye nitamfikia, alikuwa amekwisha kuleta moto wa jenereta. Taa zikawaka kijani tupu, watu wakashangilia. Kumbe kule mjini kwa Daktari picha inaganda, inakatika vipandevipande, tumbo la mama linaonekana kama matofali yaliyomwagwa. Tabibu akaambiwa na Daktari, akapiga simu senta kutoka kileleni akilia, "Hakuna kitu! Hakuna kitu!"

Tusekile akamsukuma Lusajo pembeni. "Hicho ni cha kusukuma mwanga mwanzoni mwa safari, ukiwa bado na nguvu zake. Hapa mwanga umefika hoi, na hicho kina soga kuliko wimbo. Na hiki kidogo cha bei rahisi kinafaa uzi unaobeba rangi moja. Wetu unabeba rangi nyingi pamoja, kitazichanganya." Akachukua cha tatu, nguvu zake za wastani, kelele yake ndogo. "Kwanza ulizia rangi, shemeji. Kisha ulizia kelele. Nguvu iulizie mwisho." Akakifunga. Kazi ilimponyoka wiki hiyohiyo, kwa sababu ya lile kufuli.

Mzee Ambakisye naye. Senta nzima ilikuwa na jenereta moja nzima, ile ya tangi la maziwa, na tangi lilikuwa limejaa maziwa ya kijiji chote. Gari la kuyachukua lilikuwa limekwama ng'ambo ya maporomoko. Mashine yenyewe ilikuwa imelowa, haikutaka hata kukohoa. Mzee akaifungua, akakausha kifaa kimoja kimoja kwa shati lake mwenyewe, akaiamsha. Kisha akachomoa waya wa tangi akaupeleka kibandani.

"Vipi, Mzee, tangi na kikuza mwanga havibebeki pamoja?" wakamuuliza.

"Nikiunga vyote umeme utacheza, na hicho chombo kikila kwa kukatizwa mama atakufa," akajibu. "Maziwa yatachacha. Najua." Akakaa kando ya jenereta, akiisikiliza na kuirekebisha, kikohozi kinambana kwa moshi, mpaka kazi ilipokwisha. Maziwa yalichacha yote, yakamwagwa mtoni. Mpaka leo wapo wanawake wa kijiji wanaopishana naye njiani bila kumwamkia, na wao pia wana watoto, siwalaumu.

Na Daktari Hidaya. Alikuwa kitini kwake mjini, barua ya kustaafu iko mezani, maana mikono inayotetemeka haina kazi hospitalini. Picha ikatulia, safi. Akamwona tabibu Mwaikenda ameshika kisu kama mtu aliyeshika nyoka.

"Mwanangu, weka kisu chini kwanza," akasema. "Pumua. Unaona huo mshipa wa bluu? Usiuguse. Panda juu yake. Hapo. Mtoe mtoto sasa." Mtoto akalia, msichana. "Usishangilie bado. Kondo usilivute, nasema usilivute! Mji wa mimba unatoka pamoja nalo. Utamwondolea kizazi, utamwachia uhai." Akamwongoza kidole kwa kidole, na damu ikasimama. Alipozima skrini ndipo alipogundua kwamba mikono yake muda wote ilikuwa imetulia.

Subilaga akapona. Mtoto akapona. Lakini Subilaga hatazaa tena, ndiyo maana jina ni moja tu, la mtoto mmoja tu. Angekuwa wa kuzaa watano tungegawana, tungekuwa tumelala zetu sasa hivi.

Siku ya kutoa jina ikafika. Tabibu Mwaikenda aliyeshika kisu alijitoa mwenyewe. "Mimi wajina wangu mlimani hapa wanatosha kucheza mpira," akasema. Wakabaki watatu.

Mzee Ambakisye akasema, "Bila moto wangu kile chombo kilikuwa kioo tu. Mimi sitaki mengi. Nataka mkono mmoja wa kunitupia udongo."

Tusekile akasema, "Moto ulikuwepo hata na kile kikubwa, Mzee wangu, na mama alikuwa anakufa taa zikiwa kijani. Mimi ndiye niliyeleta macho. Lakini msimwite Tusekile. Mwiteni Lugano, mdogo wangu asiwe amekufa bure."

Wazee wakaanza kunong'onezana, kiapo kinaruhusu jina la marehemu au hakiruhusu.

Daktari Hidaya alikuwa amepanda mlima mwenyewe, kwa miguu ile ya uzee. Akasema polepole, "Mngewasha na kuchagua mpaka kesho, bila neno la kupitisha mngekuza kelele tupu. Nimezalisha maisha yangu yote. Wanaitwa majina ya mashangazi, ya siku za juma, mmoja aliitwa Shida. Hidaya sijamsikia."

Loo! Lusajo akashika kichwa. Ahadi ni deni, na deni lake lilikuwa na wadai watatu. Mzee mmoja akasema apewe majina yote. Bibi wa mtoto akamkatalia hapohapo: "Ataanzia uji nyumba ipi? Wakifa siku moja atashika udongo wa nani? Mtoto wa majina matatu hana somo hata mmoja." Na wewe uliyekuwa unataka kusema hivyohivyo, nimekuona. Wala msiniletee ya kidole kimoja hakivunji chawa. Chawa amekwisha kuvunjwa. Kinachotafutwa ni kidole cha kuvalishwa pete.

Wakabishana mpaka jua likapinda. Watu walioshirikiana vile, sasa hawatazamani usoni. Hapo ndipo mlango ukafunguliwa, Subilaga akasimama kizingitini, ameshika tumbo lenye kidonda kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono mwingine. Kwao mtoto asiye na jina haonyeshwi jua, kwa hiyo alikuwa amemfunika khanga uso mzima.

"Shikamooni," akasema. "Nyie nyote mmenipa mtoto, na mimi nawapenda nyote, Mungu anaona. Lakini nimekaa naye gizani tangu azaliwe. Namwimbia, nikifika mahali pa jina nanyamaza. Akilia namwita 'wewe'. Nimechoka kumwita mwanangu 'wewe'."

Mtoto akaanza kulia ndani ya khanga. Lusajo akamtazama mkewe, mke akamtazama mumewe, na Mzee Ambakisye akakohoa, na Tusekile akainamisha uso, na Daktari Hidaya akaificha mikono yake mgongoni kwa sababu ilikuwa imeanza tena kutetemeka.

Subilaga akashika pindo la khanga, tayari kulifunua. Akafungua mdomo amwite mwanawe.

Mimi naishia hapo. Msinitazame, mimi sisemi. Mtoto analia na jua linazama. Je, wewe ungemwita nani?