Kisu cha Kashata

Mwenye kinyongo asogee mbele. Mwenye moyo mweupe akae nyuma karibu na mlango, maana hadithi hii haitamfaa sana. Nikimaliza nitauliza swali, na sitaki mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Palikuwa na mjane katika kisiwa cha Kinmen, jina lake Bi Guatlian, muuza kashata za karanga. Alikuwa na watoto watatu na kila mmoja na kipaji chake. Bihun, binti mkubwa, alijaliwa masikio. Ukikohoa mbele yake leo, akusikie tena baada ya miaka, atakutaja jina kabla hajageuka. Tekhong, wa kati, alijaliwa ulimi. Lafudhi ya mji wowote aliisema kama mwenyeji, na alijua kumsifu mtu mpaka mtu akajisahau. Giokbi, kitinda mimba, yeye alijaliwa kupendwa. Akikaa na wageni siku moja, kesho yake wamempa ufunguo wa jiko.

Sasa, Kinmen ukisimama ufukweni unayaona maghorofa ya Xiamen, mji wa China bara, yamekutazama. Feri huvuka kabla chai yako haijapoa. Lakini wakubwa wa bara wanasema kisiwa ni chao, na wakubwa wa Taipei wanasema kisiwa kiko mikononi mwao, na kila wanaponuniana feri hufungwa, vibali hufutwa, waandishi wa habari hufukuzwa, na televisheni za pande zote mbili huanza kutukanana. Enzi za mababu hawakutukanana tu, walirushiana mizinga. Watu wa Kinmen hawatupi kitu. Waliokota vyuma vya mabomu yaliyotoka ng'ambo wakafua visu vya jikoni.

Kisu kimoja cha namna hiyo kilikuwa kwa Bi Guatlian. Bomu lenyewe liliangukia shamba la baba mkwe wake. Kila siku ya kuwakumbuka wafu wa nyumba ile, sinia la kashata huwekwa mbele ya kibao chenye majina yao, na anayekishika kisu hicho na kukata kipande cha kwanza ndiye mwenye nyumba. Akisema, wengine hunyamaza.

Basi kabla hajawa mjane, mumewe, Mzee Hokseng, alivuka kwenda Xiamen kusafisha makaburi ya wazee wake. Mwaka ule ukame ulikuwa umeua karanga kisiwani, kwa hiyo akanunua magunia huko huko. Akamtumia mkewe ujumbe kwa simu: "Tudou zimefika bandarini. Zichomwe Jumamosi."

Lisikilizeni vizuri neno hilo, tudou, maana limeua mtu. Kwa watu wa Kinmen, na kwa wenyeji wa Xiamen pia, tudou ni karanga. Kwa mtu wa Beijing, kaskazini huko, tudou ni kiazi mviringo. Wiki ile wakubwa walikuwa wamenuniana na simu zilikuwa zikipekuliwa. Ya Hokseng ikaangukia mikononi mwa watu wa kaskazini. Jioni, katika televisheni ya bara, ikasikika sauti ya mwanamume, nzito na tamu, bila uso wake kuonekana.

"Kisiwa kile hakiuzi viazi," ilisema. "Ni viazi gani hivi vinavyofika bandarini kimya kimya na kuchomwa kwa siku iliyopangwa? Ndugu watazamaji, viazi hivi ni vya baruti."

Hokseng akafungwa kama jasusi. Kila aliyemhoji, Hokseng alimwambia ni karanga, na hakuna aliyeandika. Alifia huko huko, akarudi kwa feri ndani ya chungu cha majivu. Na wakubwa wa upande huu, msidhani nimewasahau. Walikuja wakati wa uchaguzi wakapiga picha na Bi Guatlian akilia, wakazibandika ukutani. Uchaguzi ulipokwisha, picha zikanyeshewa mvua na simu zao zikawa hazipokelewi.

Siku ya kukiweka kile chungu, Bi Guatlian alikishika kisu akasimama mbele ya kibao cha mumewe.

"Mwenye sauti ile atalimeza neno lake kwa kinywa chake mwenyewe," alisema, "katika televisheni ile ile. Yeyote atakayemmezesha, kisu hiki ni chake na nyumba hii ni yake."

"Mama, umesema yeyote," Bihun alimkumbusha.

"Nimesema yeyote. Mbele ya baba yenu nibanwe na maneno madogo?"

Bihun ndiye aliyeanza. Sauti haina uso wala jina, na bara lina watu wengi kuliko mchele ghalani. Kila jioni alikaa mbele ya televisheni ya ng'ambo akasikiliza: habari, tamthilia, matangazo ya sabuni. Mumewe alivumilia mpaka akachoka. "Siwezi kula chakula changu na adui anaongea mezani," alisema, akafunga virago. Bihun hakumfuata hata mlangoni, kwa sababu kipindi kilikuwa kimeanza. Miaka ikapita. Jioni moja, katika kipindi cha mapishi, mtangazaji mnene mwenye shavu la kung'aa alisifu supu, na Bihun akasimama. "Mama, ndiye huyu. Anavuta pumzi puani kabla ya kudanganya. Hiyo supu hajaipenda." Jina lilikuwa pale chini ya uso wake: Meng Zhaolin. Ameacha siasa, sasa anaonja vyakula, na taifa zima linampenda.

Akaingia Giokbi. Alivuka, akaolewa na mwanamume wa Xiamen, fundi wa taa wa studio moja ya mjini. Sheria za Kinmen ni kwamba ukijiandikisha raia ng'ambo, kitambulisho cha nyumbani unakirudisha. Akakirudisha. Tangu siku ile anaingia kwa mama yake kama mtalii, kwa kibali, na kibali kikiisha anaondoka hata kama mama ana homa. Alipata kazi ya jikoni studioni, akapendwa kama kawaida yake. Wakubwa walipopatana kidogo na feri zikafunguliwa, studio ile ikaandaa kipindi cha mubashara juu ya vyakula vya pande mbili, mgeni wa heshima Meng Zhaolin. Mpishi mkuu akamuuliza Giokbi, "Mwanangu, unamjua mtu wa Kinmen anayetengeneza kitu kitamu?"

"Namjua mmoja," akajibu.

Huyo mmoja ni Tekhong. Alikwenda na sinia la kashata na tabasamu. Mbele ya kamera aliwasifu wakubwa wa bara, akasema pande mbili ni familia moja, meza moja, chungu kimoja. Nyumbani Kinmen majirani walikuwa wakitazama, na wapo waliotema mate. Aliendelea kutabasamu. Alimwambia Meng kwamba yeye, Tekhong, amekua akiisikia sauti yake nyumbani, na hilo, wasikilizaji wangu, lilikuwa kweli tupu. Meng akalainika kama samli juani. Akatupia kipande cha kashata mdomoni.

"Tamu! Hii ni nini?"

"Ni tudou, mzee."

"Viazi?" Meng akacheka. "Kijana, viazi nimevila tangu sijaota meno."

"Tudou tupu, mzee, na sukari."

"Watu wa visiwani kwa mizaha!" alisema Meng, akageukia sahani nyingine. Hapo kazi yote ilikuwa imeharibika. Masikio ya Bihun, mlango wa Giokbi, ulimi wa Tekhong, vyote vilikuwa vinapita na sahani ile. Tekhong alilisogeza tena sinia mbele, Meng asigeuke.

Kwenye viti vya watazamaji alikaa ajuza mmoja wa Xiamen, Bi Kimki, aliyekuja kwa sababu walitangaza chakula cha bure.

"Wewe bwana!" alipiga kelele. "Tudou ni karanga! Mdomo umekujaa karanga, unabisha nini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Bibi wengine wakadakia, "Tudou ni karanga! Tudou ni karanga!" Meng, mtu wa kupenda kupendwa, akainua mikono.

"Nimeshindwa, mama zangu! Nakiri mbele ya taifa zima, tudou ni karanga." Akameza.

Tabasamu la Tekhong likaanguka. "Asante, mzee. Baba yangu, Hokseng wa Kinmen, alifia gerezani akisema hivyo hivyo. Na wewe ndiye uliyesema ni viazi vya baruti."

Kashata ikamkaba Meng. Akashika koo, macho yakamtoka, na watu wote wakamwona. Kisha matangazo yakakatwa, kioo kikaonyesha maua tu.

Kule Kinmen, Bi Guatlian alipiga kofi juu ya meza mpaka vikombe vikaruka. "Meza!" aliiambia televisheni. "Meza, mbwa wewe! Mkuki ulikuwa kwa nguruwe, sasa je?" Alifurahi. Msinitazame hivyo, alifurahi, na mimi nikifika hapa kila mara nafurahi. Sauti ile haijasikika tena katika televisheni yoyote.

Lakini kisasi nacho hula. Tekhong alifukuzwa bara asikanyage tena, na nyumbani bado wapo wanaomwita kibaraka kwa zile sifa alizozimwaga. Giokbi alifukuzwa kazi, na mumewe naye. Bihun ana nyumba yenye kiti kimoja.

Ikafika siku ya kumkumbuka Hokseng. Bi Guatlian alipika kashata, akaimwaga kwenye sinia, akaliweka mbele ya kibao na kisu pembeni. Watoto walisimama watatu, Giokbi akiwa na kibali chake mfukoni.

"Bila mimi mngelipiza kwa nani?" alisema Bihun. "Kwa upepo?"

"Dada, mtu unamjua, unamfikiaje?" alisema Giokbi. "Mimi leo ni mgeni katika nyumba niliyozaliwa. Mlango haukufunguliwa bure."

"Mlango ukifunguliwa, lazima mtu aingie," alisema Tekhong. "Mate ya majirani nayafuta mimi."

Mama yao alikuwa bado hajajibu pale ajuza mmoja aliposimama mlangoni, ametoka kwenye feri, mkoba kifuani.

"Hodi. Hapa ndipo kwa yule kijana wa karanga?"

Tekhong akamtambua. "Mama, huyu ndiye aliyepaza sauti."

Bi Kimki alisimulia kwa kifupi. Baada ya kipindi watu walikwenda kwake wakamuuliza nani alimtuma, nani alimlipa. Walirudi mara kwa mara. Wapangaji wenzake sasa hawamsalimii.

"Niliwaambia sikumjua marehemu," alisema. "Nilijua karanga tu. Nao hawakuandika."

Bi Guatlian aliposikia hayo ya mwisho, alikigeukia kibao cha mumewe. Ameichukia ng'ambo ile tangu utoto, aliichukia kwa bomu na akaichukia kwa mume, na chuki ile ndiyo iliyomwamsha kila asubuhi kukoroga sukari. Alitaka kumfukuza mwanamke huyu. Alitaka pia kumkumbatia, na hilo lilimuudhi zaidi.

"Mama," Bihun alinong'ona, akiwa amekunja uso, "ulisema yeyote."

"Mama hakukusudia watu wa huko!" alisema Giokbi.

"Na wewe sasa ni wa wapi?" Tekhong alimuuliza, na Giokbi akaanza kulia.

Bi Guatlian alikichukua kisu, chuma kilichorushwa kutoka ng'ambo kuja kuwaua, akakishika kwa ncha, mpini ukitazama nje. Mbele yake mikono mitatu ilinyooshwa. Wa nne, wa Bi Kimki, ulibaki juu ya mkoba. Hakujua hata kwamba kisu kinagawiwa.

Wasikilizaji wangu, mnaopika kashata mnajua: hukatwa ingali vuguvugu, ikishapoa haikatiki, inavunjika vipande visivyo na mwenyewe. Sinia la Hokseng linapoa hivi tunavyozungumza. Kiapo kililiwa mbele ya maiti, na maiti hasikii samahani. Haya, upesi, na anayejibu asimame tumwone uso: ule mpini umwelekee nani?