Shajara ya Binti Aliyekufa Alhamisi

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa chungu.
Cha nani?
Cha jirani.
Ndani kina nini?
Hatujui, kimefunikwa.
Basi sogeeni hapa, nitafunua mimi.

Lakini kwanza apeni, maana hadithi hii ni siri. Kila mmoja ashike ncha ya ulimi wake kwa vidole viwili, aseme nami: Nikiitoa siri hii, ugali wangu na uungue. Semeni. Ndiyo, najua haisemeki vizuri ulimi ukiwa umeshikwa, ndiyo maana yake. Mimi nami niliapa hivyo hivyo mbele ya Bi Mwanatumu aliyenihadithia, na leo asubuhi ugali wangu umeungua sufuria nzima, hata paka kaukataa. Kwa hiyo adhabu nimekwisha kuila. Kilichobaki ni kusema.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakikaa mji mmoja na kuazimana chumvi, alikuwako Fisi. Fisi huyo taya lake kama mlango, na tumbo lake halijapata kusema basi. Siku moja akatangaza kwamba ameacha nyama. Akavaa kanzu. Akavaa miwani isiyo na vioo. Akasema, "Kuanzia leo mniite Mwalimu."

Wakamwita Mwalimu. Ukitaka kuheshimiwa upesi, vaa kanzu, mengine wenzako watakumalizia.

Ijumaa moja Fisi akaja uwanjani na daftari kwapani. Akakohoa, kho kho.

"Wazazi wenzangu," akasema, ingawa hakuwa na mtoto, "daftari hili nimeliokota kichakani. Ni shajara, yaani mambo ya kila siku, ya binti mmoja mbuzi wa ng'ambo ya mto. Kaiandika kwa kwato yake mwenyewe. Ni kweli tupu. Jina tunalificha, tuwasitiri wazazi wake. Leteni vijana wenu wasikie."

Vijana wakaletwa, wakakalishwa mbele. Fisi akabana sauti ikawa nyembamba kama ya kibinti, akasoma:

"Jumatatu. Leo nimekwenda ngomani bila ruhusa ya mama. Nimeonja togwa kijiko kimoja. Jumanne. Nimevuta tumbaku ya baba na nimemjibu bibi. Jumatano. Nimevunja chungu, nimeng'oa mlango, nimemwuza mdogo wangu kwa mapera. Alhamisi. Leo nimekufa. Ningemsikiliza mama nisingekufa. Ningelelewa na Mwalimu, nisingekufa kabisa."

Uwiii. Mama Siwatu, yule mbuzi mweupe wa karibu na kisima, akalia mpaka ndevu zikalowa. Bi Kanga akalia kwekwekwekwe, na Bi Kanga akilia mji mzima unajua. Kisha kila mzazi akamgeukia mwanawe.

"Umesikia? Kijiko kimoja tu cha togwa."

Fisi akasoma, wazazi wakalia, vijana wakapigwa. Na Fisi akapelekewa bakuli la maziwa, apate nguvu ya kusoma tena.

Ngoma ikafungwa. Togwa ikamwagwa. Mabinti wakawa wanakwenda kisimani wamefungwa kamba moja, kama kuni. Na kila Ijumaa Fisi akija na kipande kingine cha shajara, eti kurasa zilikuwa zimegandana. Hakuna aliyeruhusiwa kulishika daftari. "Lina machozi ya marehemu," Fisi alisema.

Sasa katika mji huo alikuwako Kindi, kabinti kadogo ka mkia mkubwa, akikaa katika tundu la msufi. Shoga yake alikuwa Siwatu, binti wa yule mbuzi mweupe. Siwatu alijua herufi, Kindi alijua maneno.

Kindi akainuka. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba."

"Samahani. Kama binti alikufa Alhamisi, nani aliyeandika 'leo nimekufa'?"

Fisi akavua miwani, akaifuta mahali pa vioo. "Alikuwa mtoto mwenye bidii," akasema.

"Mmeona?" akasema Mama Siwatu. "Wenzenu wanakufa na bado wanaandika. Nyinyi mko hai, na ufagio hamtaki kuushika."

Fisi akasoma, wazazi wakalia, vijana wakapigwa.

Ijumaa nyingine ikaja. Fisi akasoma, "Jumanne. Nikitoka ngomani nimepita jalalani nikanusa mfupa, mfupa wenye uboho mwororo, ukikaa juu ya majani kama bibi harusi, mate yakanidondoka." Hapo mwenyewe akameza.

Kindi akainuka. "Samahani Mwalimu. Mbuzi na mfupa wapi na wapi?"

"Ndiyo ujue aliharibika," akasema Mama Siwatu. "Leo togwa, kesho mfupa."

"Na ulimi wako, Mwalimu, mbona mweusi kama chungu?"

"Nimekula zambarau."

"Zambarau? Mimi nakaa juu ya miti. Zambarau hata maua bado."

Bi Kanga akamdonoa kisogoni, ko. "Mtoto mzima unachungulia vinywa vya wakubwa. Binti wa shajara naye alianza hivyo hivyo, kwa kuuliza."

Fisi akasoma, wazazi wakalia, vijana wakapigwa, na Kindi akapigwa zaidi.

Basi Fisi alipoona maneno yake yanamezwa bila kutafunwa, akajenga ua mkubwa pembeni ya uwanja, makuti marefu yamefungwa kwa kamba, lango moja tu na komeo kwa ndani. Akauita Zizi la Maadili. Akasema, "Nitaanza kulea mmoja. Nimewatazama wote. Nitamchukua aliyenona... aliye hatarini kuliko wenzake." Macho yake yakamwangukia Siwatu.

Mama Siwatu akashika kifua. "Na kweli Mwalimu, juzi nilimkuta anacheka kisimani peke yake."

"Peke yake?" akasema Fisi, akitikisa kichwa. "Mwache alete mzigo wake Ijumaa, nikishasoma."

Siwatu akaenda kwa Kindi mbio, kwato zinagonga, ka ka ka.

"Kindi, mama kanifunga mzigo. Mwalimu kasema nije na chumvi."

"Chumvi ya nini?"

"Na kitunguu. Na tangawizi kipande. Kasema ndiyo vifaa vya masomo."

Kindi akamtazama shoga yake kutoka pembe mpaka mkia. "Mama yako umemwambia unaogopa?"

"Nimemwambia. Kasema binti wa shajara angeogopa mapema angekuwa hai."

Kindi akakaa akitafuna ganda la mbegu. Kuuliza kulikuwa kumeshindwa. Kila kosa la daftari lile wazazi waliligeuza dhambi ya mtoto. Akisema mbuzi hali mfupa, watasema mbuzi wa siku hizi. Akasema, "Shoga, wakipenda kulia, na tuwalize vizuri."

Akafunga kitambaa cheusi mkiani, akapita nyumba kwa nyumba akiomboleza. "Uwii, maskini, uwii, mnyonge."

Bi Kanga akatoka mbio. Huyo kilio hakimpiti. "Kafa nani?"

"Binti wa shajara."

"Huyo si alikwisha kufa?"

"Alikufa, Bi Kanga. Wali wake wa matanga mlikula wapi?"

Bi Kanga akaanza kukumbuka matanga yote aliyokula. Maana katika mji ule, jamani, hakufi mtu watu wasile. Hata sisimizi akifa hupikwa ubwabwa wa kifuu kimoja na watu wakaulamba. Mfu asiyeliwa wali wake ni aibu ya majirani, si yake.

"Mimi sikula," akasema Bi Kanga. Akamwita Mama Siwatu. "Wewe ulikula?"

"Hata ukoko sikuuona."

"Ijumaa zote tunamlilia, na sahani hatujamwekea?" Bi Kanga akajipiga mbawa. "Watatusema."

Ikaamuliwa papo hapo: matanga Ijumaa hii, mbele ya Zizi la Maadili, kabla Siwatu hajakabidhiwa. Na kwa mila yao, chungu cha matanga hakifunuliwi mpaka wasia wa marehemu usomwe. Wasia usiposomwa, chungu kinafukiwa na chakula chake chote.

Kindi akajitolea kupika. Akapika wali wa watu wote. Halafu pembeni akateleka chungu kikubwa, akatia mifupa ya pundamilia aliyejifia kwa uzee, akatia tangawizi, akakifunika kwa jani la mgomba.

"Mwalimu ameacha nyama," akasema Mama Siwatu.

"Si nyama, mama," akasema Kindi. "Ni mifupa."

Ijumaa alasiri watu wakajaa. Siwatu amekaa na mzigo wake mapajani, kitunguu kimechungulia. Mama yake anamfuta uso, halafu anajifuta yeye. Fisi akatokea na daftari kwapani. Hatua ya kwanza, hatua ya pili, pua ikasimama. Fu. Fu fu. Fufufufu.

"Hicho ni nini?" akauliza, na sauti ya kibinti ikamtoka bila kutaka.

"Sehemu yako, Mwalimu," akasema Kindi. "Wewe uliyeiokota shajara ya marehemu kichakani. Tunangoja wasia tu."

"Wasia upi?"

"Wa marehemu. Mila ni mila."

"Mtoto yule hakuacha wasia," akasema Fisi, jicho liko kwenye jani la mgomba. "Alikufa ghafla."

"Aa, basi," akasema Bi Kanga. "Leteni jembe tufukie."

"Mfukie?" Mate ya Fisi yakaanguka juu ya kanzu, to, to. "Ngojeni. Wasia upo. Nimekumbuka, upo. Uko ndani, chini ya mto wangu. Msiguse chungu."

Akaingia mbio, lango likajifunga pwaa, komeo likalia kacha.

Watu wakangoja. Kindi hakungoja. Akapanda ua kwa upande wa nyuma, akaanza na kamba ya kwanza, kekekeke. Akaenda ya pili, kekekeke. Akaenda ya tatu. Na huku nje watu wakasikia sauti ya Fisi ndani, polepole, kama mtu anayevuta gogo:

"Mimi... marehemu... nasema... mifupa yote... apewe... Mwalimu... na mchuzi..."

"Anasoma," akasema Mama Siwatu.

"Mbona anasoma kabla ya kukumbuka linalofuata?" akasema Bi Kanga.

Kekekeke. Kamba ya mwisho ikakatika. Ua mzima ukayumba, ukainama, ukalala chini, pararararaa.

Na Fisi huyo katikati, amechuchumaa, kanzu ameipandisha magotini. Kwenye taya ameshika unyoya wa kanga, ule uliompotea Bi Kanga mwezi mpevu uliopita, ukamgombanisha na mumewe. Mbele yake kifuu cha masizi. Akichovya, analamba, anaandika. Akichovya, analamba, anaandika. Ulimi mweusi tii. Nyuma yake hakuna mkeka wa kulalia mwanafunzi, hakuna kata ya maji. Kuna mafiga matatu, sufuria tupu yenye upana wa mbuzi, na kisu kimenolewa kinameta.

Fisi akainua kichwa. Akawaona. Wakamwona.

"Nanakili," akasema. "Mwandiko wake ulikuwa mbaya."

Karibu na sufuria palikuwa na daftari jingine, jipya, masizi hayajakauka. Kindi akalirukia, akalinyakua kwa mguu mmoja, akamrushia Siwatu. "Wewe ndiye unayejua herufi, shoga. Tusomee."

Siwatu akafungua. Akasoma, sauti inapotea na kurudi:

"Naitwa Siwatu. Jumamosi. Leo nimeingia Zizi la Maadili, Mwalimu ni mwema sana. Jumapili. Nimeonja togwa kwa siri nyumbani kwa Kindi. Jumatatu. Nimetoroka zizi. Jumanne. Leo nimekufa, mbali sana, ng'ambo ya mto. Msinitafute. Mama, mlete mdogo wangu kwa Mwalimu."

Upepo ukavuta ukurasa. Mama Siwatu akamtazama binti yake aliyesimama mzima, kitunguu mkononi. Akatazama sufuria. Akatazama kisu.

"Leo ni siku gani?" akauliza.

"Ijumaa, mama," akasema Siwatu.

Mama Siwatu akamsogelea Fisi, pembe mbele. Bi Kanga akashika mwiko wa wali. Nyuma yao wazazi wote wakasimama, na mbele yao, kwa mara ya kwanza tangu shajara ianze kusomwa, wakawaachia vijana wapite.

Fisi akarudi nyuma mpaka kanzu ikagusa mafiga. "Wazazi wenzangu, msiharakishe," akasema. "Shajara hiyo ni yake kweli. Siwatu alikuwa mtoto mwenye bidii."

"Alikuwa?" akasema Mama Siwatu.

Hapo ndipo walipomkuta, unyoya ungali kinywani, na hapo ndipo ninapomwacha.

Mafunzo yake ni haya. Vijana, wasikilizeni wakubwa siku zote, maana mkubwa hadanganyiki. Na wazazi, mkiambiwa neno hili ni kweli tupu, lishikeni kwa mikono miwili msiulize, hasa hili langu, maana mimi nimelipata kwa Bi Mwanatumu, naye kalipata kwa mtu aliyekuwapo ua ulipoanguka. Jina lake tunalificha, tuwasitiri wazazi wake.

Chungu cha jirani nakifunika, aliyeonja apanguse midomo. Kesho mchana nitapita jikoni kwenu, mmoja mmoja. Nikisikia harufu ya ugali ulioungua, nitajua nani kasema.