Ukuta wa Hondohondo

Shusheni hizo darubini, mpumzike hapa kwenye mawe. Tangu asubuhi tumepanda pamoja, kupitia mashamba ya tangawizi na migomba hadi ukingoni mwa msitu, na njia nzima mmeniuliza majina ya ndege nami nimewatajia ninayoyajua. Lakini dada huyu ameuliza jambo ambalo halijibiwi kwa jina. Ameona, kama mlivyoona nyote, hondohondo dume ameng'ang'ania gome la mti, anatoa tunda moja baada ya jingine kooni mwake na kulipitisha kwenye ufa mwembamba, na ndani ya ufa ule ncha ya mdomo inapokea. Akaniuliza, "Bibi Nanzia, ni nani aliyemfungia yule mwenzake humo ndani?"

Hakuna aliyemfungia. Alijifungia mwenyewe. Nitawaeleza ilivyokuwa, kama mama yake baba yangu alivyonieleza tukipalilia maharage ng'ambo ya bonde hili.

Kulikuwa na wakati ambapo mgongo huu wote wa mlima, tunaouita Mlondwe, ulikuwa msitu mtupu, na watu wa kwanza ndiyo kwanza walikuwa wanaupanda kutoka tambarare. Wakati huo watu na ndege walielewana lugha. Na hondohondo hakuwa huyu mnayemjua. Alijenga kiota cha vijiti juu ya tawi la wazi, kama njiwa. Mbawa zake zilikuwa kimya kabisa. Aliweza kupita juu ya kichwa chako usimjue ila kwa kivuli chake.

Palikuwa na hondohondo jike mmoja ambaye hakuwahi kulea kinda hata likaruka. Mwaka mmoja kipanga alimnyang'anya kinda lake. Mwaka uliofuata walikuja kima, kundi zima, wakayala mayai na kuchezea maganda mbele ya macho yake. Kisha ukaja msimu wa mvua ya mawe. Aliwafunika makinda kwa mbawa zake mpaka dhoruba ikapita, mgongo ukamvimba kwa kupigwa, na aliponyanyuka akakuta nyoka amekwisha kupanda kutokea chini na kuwachukua.

Hakulia. Ndege wengine walimwendea kumpa pole wakamkuta ametulia tawini, anatazama bondeni. Walidhani huzuni imempumbaza. Kumbe alikuwa anamtazama mwanamke.

Mwanamke huyo aliitwa Namkunda. Yeye na mumewe, Senkondo, walikuwa wamefyeka kipande cha ardhi chini ya msitu na kujenga nyumba ya miti, na siku hiyo Namkunda alikuwa anaikandika. Alichota udongo, akauchanganya na maji, akaukanyaga, akaubandika kwa viganja. Alikuwa mjamzito, akafanya kazi polepole, akipumzika kila mara. Hondohondo akashuka, akatua kwenye kisiki karibu naye.

"Mama, huo ukuta unazuia nini?" akauliza.

"Baridi," akajibu Namkunda. "Na chui."

"Hapo ulipoacha wazi je?"

"Hapo ni mlango. Na chui naye anaujua mlango, usidhani haujui."

"Kwa nini usiuzibe?"

Namkunda akacheka, akapangusa jasho kwa mkono wenye tope. "Nikiuziba nitakula nini, mwenzangu?"

"Si una mume?"

Namkunda hakucheka tena. Alikuwa amemzika mtoto wake wa kwanza mwaka uliotangulia, kwa kuwa maziwa yalimkauka, na tangu hapo alikuwa amepima mengi moyoni mwake. Akasema, "Mume ninaye. Lakini kabla hujaziba mlango, mpime mume wako vizuri. Ukikosea, ukuta wako utakuwa kaburi."

Hondohondo akashukuru, akaondoka na donge la udongo mdomoni.

Huko juu msituni palikuwa na mkulo mkubwa, mti wa zamani, wenye pango katikati ya shina. Pale ndipo alipompeleka mumewe, akamweleza alichokusudia. Ataingia pangoni, atauziba mlango kwa udongo kutokea ndani, ataacha ufa wa kupitisha ncha ya mdomo tu. Humo atataga, atatamia, atalea. Hatatoka mpaka makinda yawe makubwa.

Dume akaogopa, na siwasimulii hivyo ili mumcheke, maana alikuwa na haki ya kuogopa. "Nikichelewa je?" akauliza.

"Tutangoja."

"Nikifa je?"

"Ukifa, nasi tutakufa. Kwa hiyo usife."

Dume aliwakumbuka kima na maganda ya mayai. Kisha akaruka hadi kwenye kijito, akarudi na udongo mdomoni, akampa mkewe. Wakajenga pamoja, yeye akileta na jike akibandika, mpaka ukaonekana ufa tu. Huko ndani jike akafanya jambo moja zaidi. Aling'oa manyoya yake makubwa ya mbawa na ya mkia, moja moja, akayatandika chini ya mayai. Dume aliposikia akalia kwa uchungu, "Sasa hata ukitaka kutoka hutaweza kuruka!"

"Ndiyo sababu nimeyang'oa," akajibu jike. "Nisije nikabadili nia."

Wakaanza maisha hayo. Dume alizunguka Mlondwe nzima akitafuta makuyu na matunda ya porini, akayajaza kooni, akayarudisha. Lakini mbawa zake zilikuwa kimya, na siku moja jike alisikia makucha yakikwaruza gome, akatoa mdomo akidhani ni mume, na mkono wa kima ukamshika. Walivutana. Ukuta ukapata ufa wa pili, na jike akaponea chupuchupu kwa kukiuma kidole kile hata kikaachia. Dume alipofika alimkuta anatetemeka, anaziba ufa kwa kinyesi na maganda ya matunda, maana udongo haukuwapo.

"Sikujui ukija," akamwambia. "Kuanzia leo nataka nikusikie ukiwa bado mbali."

"Nikiita, kima nao watajifunza kuita kama mimi."

"Usiite. Piga mbawa. Hakuna kima mwenye mbawa."

Dume akaruka akizipiga mbawa kwa nguvu zake zote, lakini hazikutoa sauti. Manyoya madogo ya chini ya mbawa, yale laini, yalikuwa yanaumeza upepo. Akatua, akaanza kuyang'oa. Yakauma, akaendelea. Alipoinuka tena, upepo ukapita katikati ya manyoya makubwa na msitu wote ukasikia: vuu, vuu, vuu. Ndani ya mti, jike akacheka kwa mara ya kwanza tangu mvua ya mawe.

Wakati huohuo, kule chini, Namkunda alijifungua mtoto wa kiume. Kwa desturi ya watu wake, mzazi alikaa ndani bila kutoka hadi siku zake zitimie, na mume ndiye aliyetafuta kila kitu. Senkondo alihangaika. Alifyeka msitu kupanua shamba, akapika, akateka maji. Lakini maziwa ya Namkunda yalikuwa machache, na mtoto akaanza kulia kile kilio chembamba walichokuwa wamekisikia zamani. Senkondo alipokisikia, damu ilimsisimka. Mzazi anataka mchuzi wa nyama, akajiambia. Akapaka ulimbo kwenye matawi ya mkuyu, akaenda kuendelea na kazi yake msituni. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kuuangusha ule mkulo.

Alikata asubuhi nzima. Mti ulikuwa mnene, akaona atamalizia alasiri. Akapitia mkuyuni, akakuta hondohondo dume amenasa. Akamfunga miguu kwa kamba, akarudi nyumbani amemning'iniza, amefurahi, kisu akiwa amekwisha kukinoa.

"Leo utapata nguvu," akamwambia mkewe, akimweka ndege sakafuni.

Namkunda akamtazama yule ndege. Koo lake lilikuwa limevimba kama kibuyu, na kuyu moja lilikuwa limetokeza mdomoni. Ndege amefungwa, amechoka, ana kiu, na bado hamezi.

"Senkondo, huyu hali," akasema. "Huyu amebeba."

Ndipo dume akasema, kwa sauti ndogo, "Mama, nina watu ndani ya ukuta."

Namkunda akatambua kuwa huyu ndiye mume wa yule jike. Akakumbuka donge la udongo na maswali ya siku ile. "Mfungue," akamwambia mumewe.

Senkondo hakumfungua. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa baba aliyekwisha kuchimba kaburi dogo kwa mikono yake. "Mtoto wa kwanza tulimzika kwa kukosa maziwa," akasema. "Huyu simziki kwa ajili ya ndege."

"Na wewe ungenaswa leo, umefungwa miguu hivi, mimi na mwanao tungekula nini?"

"Mimi sikunaswa."

"Nimekuuliza, tungekula nini?"

Senkondo akageuza uso. Lakini kisu hakukiweka chini. Namkunda akaona kwamba maneno yamefika mwisho wake. Akainuka. Akamfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko, akamchukua ndege kifuani, akapita mlangoni na siku zake hazijatimia. Mumewe akashtuka. "Unakwenda wapi, mke wangu? Unataka mkosi?"

"Nakwenda kuuona huo ukuta. Ukiwa hauna kitu, nitamchinja kwa mkono wangu."

Akapanda mlima. Alikuwa bado dhaifu, akishika mti huu na huu. Senkondo alimfuata nyuma na shoka begani, akimsihi arudi, kisha akaacha kumsihi, kwa kuwa aliona ndege anaelekeza njia ileile aliyopita yeye asubuhi. Walipofika chini ya mkulo, vipande vyeupe vya mti vilikuwa vimetapakaa, na shina limeliwa karibu nusu. Senkondo akasimama kama aliyepigwa.

Namkunda akamfungua dume kamba. Hakuruka mbali. Alipanda juu akizipiga mbawa, vuu, vuu, na kule juu, katikati ya shina, ncha ya mdomo ikajitokeza ufani. Nyuma yake wakasikia sauti za makinda. Dume akaanza kutoa makuyu, moja moja.

"Ninyi wa ndani," Namkunda akaita, "shoka hamkulisikia?"

"Tulilisikia," jike akajibu. "Mti ulitikisika mpaka udongo ukadondoka. Nikaurudishia."

"Kwa nini hukuuvunja ukuta ukatoka?"

"Ningetoka na nini, mama? Sina mbawa, na hawa hawana manyoya. Tulipatana kwamba mume wangu atakuja. Nilikuwa namngoja."

Senkondo akaliweka shoka chini. Akachota udongo kijitoni, akaufinyanga, akalijaza jeraha la mti kama anavyokandika mtu nyumba yake, akalifunga kwa kamba za magome, akaliegemeza shina kwa magogo mazito. Alifanya kazi hiyo mpaka jua likaanza kushuka. Kisha akamgeukia mkewe. "Nitakurudisha ndani," akasema. "Halafu nitashuka tambarare kwa wafugaji. Nitawaomba maziwa. Wakinifukuza nitarudi kuomba tena."

Walimfukuza kweli mara ya kwanza. Akarudi. Mzee mmoja wa kifugaji, alipoona mtu yuleyule amesimama tena langoni mwa boma na kibuyu kitupu, akamwita mkewe amkamulie. Tangu hapo Senkondo alishuka kila kukicha na kupanda na kibuyu mgongoni, njia ndefu, ya mawe, na hakuna siku aliyosema amechoka. Namkunda akanywa, maziwa yakamjia. Kilio cha mtoto kikanenepa, kikawa kelele ya kawaida inayoudhi majirani.

Siku moja ukuta ulipasuka kutokea ndani. Jike akatoka na manyoya mapya, amekonda, anapepesa macho kwa mwanga, na nyuma yake kinda la kwanza la uzao wake lililowahi kuruka. Ndege wote waliokuja kumpa pole zamani walikuja kumtazama. Waliompenda walimuuliza amewezaje. Lakini siri hiyo aliwafundisha binti zake tu.

Na tangu siku hiyo hondohondo jike huziba mlango wake mwenyewe na kung'oa manyoya yake, na dume hutanguliwa na sauti ya mbawa zake, nanyi mmeisikia leo kabla hamjamwona. Na sisi wa Mlondwe, mtu akitaka kufyeka shamba jipya, hafiki na shoka mkononi. Huliacha nyumbani, hukaa chini ya miti aliyoichagua, akasikiliza. Akisikia mbawa zinakuja na kutua, hunyanyuka akaenda kulima kwingine, hata kama kwingine ni mawe matupu.