Kidole cha Bwana Kayombo

Abonyezaye hasikii. Mmemsikia Mama Chatila akimrushia mwenyekiti neno hili mkutanoni, watu wakacheka, nanyi mmekuja mbio kuniuliza limetoka wapi. Kaeni. Lilizaliwa hapa hapa, Jumanne ya tarehe kumi na nne Oktoba, saa saba mchana, upepo ulipogeuka.

Msitu wa misonobari ulikuwa unawaka! Si moto wa kuchomea mahindi huo. Uliruka kutoka kilele cha mti hadi kilele, ukinguruma kama lori linalopanda mlima na shehena. Kule juu walikuwako wafyekaji watano wakikata njia ya kuuzuia, kiongozi wao Yusta, mke wangu. Msimamizi, Bwana Kayombo, alikuwa huku chini kwenye baraza ya ofisi, miguu juu ya kiti, akiwaongoza kwa redio ya mkononi. Wakubwa ndivyo walivyo, moto wanauzimia kivulini.

Redio ile, ukitaka kusema unabonyeza kitufe. Ukitaka kusikia, unaachia. Ukiwa umebonyeza, wa upande wa pili atapiga kelele mpaka mishipa imtoke, humpati.

Mimi nilikuwa najaza maji mapipa ya lori. Mara nikaona moshi uliokuwa umelalia magharibi unasimama wima, halafu, mama yangu! ukawageukia wao.

Kayombo kabonyeza. "Songeni mbele! Mbele, nasema! Moshi tu mnaogopa?"

"Bosi, upepo umegeuka," nikamwambia. "Achia wakujibu!"

"Mzee Mgaya, wewe jaza mapipa." Kidole hakikutoka. "Yusta! Mbona hunijibu? Kiburi hicho!"

"Atakujibuje na umemkaba koo?"

"Nani bosi hapa?"

Nikamrukia. Redio ikaanguka majanini, kitufe kikaachia, na sauti ya Yusta ikatoka, imekata pumzi, tukaudaka mkia tu wa maneno yake:

"...mmesikia?"

Kisha mkwaruzo.

Kayombo akaiokota, akabonyeza.

Wanne walitokea mtoni, nyusi zimeungua, wazima. Mmoja wao ni huyu huyu Mama Chatila. Walisema Yusta aliwatanguliza bondeni, yeye akabaki juu ya jiwe, maana kule bondeni redio haishiki, na alikuwa na jambo la kutuambia kwanza. Jambo gani, hawakujua.

Kwenye msiba wa Yusta Kayombo alikuja na wakubwa wenzake, akasimama, akahutubia weee! Mama Chatila akainuka na kanga yake kichwani: "Bosi, abonyezaye hasikii." Akakaa. Kayombo naye akakaa. Baadaye wakamhamisha, wakampa ofisi kubwa zaidi.

Neno likabaki kwetu. Sasa kila anayetuma watu mbali, akawa anaamuru tu, hupigwa nalo usoni. Abonyezaye hasikii.

Lakini Yusta aliuliza, vijana, na mpaka leo hakuna aliyemjibu: mmesikia?