Miche Chini ya Mkangazi

Wapendwa, leo nataka tumtembelee mama mmoja aliyekuwa mlinzi wa mti. Ulikuwa mkangazi mkongwe, mkubwa kiasi kwamba hakuna ukoo uliokumbuka mti huo ukiwa mdogo. Mabibi harusi wote wa kijiji kile waliletwa kuchezewa ngoma shinani pake. Baadaye wageni nao wakaanza kuja, mabasi kwa mabasi, kuugusa na kupiga picha. Kila mtu aliupenda mti ule. Na kila mtu aliukanyaga.

Udongo ukashupaa kama sakafu. Mvua ikinyesha, maji hayaingii ardhini. Yanateremka moja kwa moja shambani kwa jirani na kumzolea mahindi. Matawi ya juu yakaanza kukauka. Mama akaona, moyo ukamuuma, akaenda kwa wazee wa kijiji. Wakakubaliana: shina lizungushiwe kamba, udongo ulegezwe na kufunikwa majani makavu, na njia ya wageni ihamishiwe ukingoni mwa shamba la jirani. Jirani akautoa ukingo ule kwa moyo mweupe. Angekataaje, naye ndiye aliyekuwa akizolewa mahindi?

Wageni walinung'unika, kisha wakazoea. Lakini ikafika harusi ya binti wa kaka yake mama yule, binti aliyemlea kwa mikono yake. Msafara ukaja na ngoma na vigelegele, ukakuta kamba.

"Dada, leo fungua," kaka mtu akasema. "Mke wangu alichezewa hapa. Mama yetu alichezewa hapa. Mwanangu ana kasoro gani?"

"Hana kasoro, kaka. Mti ndio umechoka."

"Kumbe mti ni bora kuliko damu yako!"

Ngoma zikanyamaza. Ungeambiwa wewe hivyo, mbele ya wakwe, ungejibu nini? Macho ya mama yakajaa machozi, mkono ukaenda wenyewe kwenye fundo la kamba, ukaanza kulifungua.

"Shangazi, ngoja!" Bibi harusi alikuwa amekusanya gauni lake na kuchuchumaa. "Hivi ni nini?"

Katikati ya majani makavu ilikuwa imeota miche, myembamba kama njiti, imejaa kila mahali.

"Ni watoto wake," mama akasema. "Miaka yote mbegu zilianguka, tukazikanyaga. Hawa ndio wa kwanza kuwaona."

Bibi harusi akainuka, akamgeukia baba yake. "Baba, tangu asubuhi kila anayenishika mkono ananiombea watoto. Niianze ndoa yangu kwa kukanyaga watoto wa mwenzangu?"

Kisha bibi mmoja wa upande wa wakwe akapiga kigelegele, jamani, kigelegele! Ngoma zikalipuka. Wakacheza nje ya kamba, njiani, wakamwagikia kwenye shamba la jirani lililokwisha kuvunwa. Shinani palitosha ukoo peke yake. Huku duara likapanuka, akaingia jirani na jembe lake begani, wakaingia wageni waliokuja kutazama tu. Kaka mtu alicheza mpaka kiatu kikamvuka. Akaja na mguu mmoja peku, akamshika dada yake mkono, wakazunguka pamoja wakicheka kama watoto.

Sasa tujiulize, ndugu zangu. Sisi tunaomba baraka, lakini zikiota tunajua zimeota wapi? Tunaomba kanisa likue; kijana akianza kuimba tunamwambia, "Hapa hatuimbi hivyo." Tunaomba amani nyumbani, mwenzako akileta neno laini, wewe umeshalikanyaga kwa ugomvi wa jana. Nasi si wabaya. Tunapenda! Ila tunapenda kwa kusimama palepale tulipozoea kusimama.

Nani alikwambia kusogea ni kupungukiwa na upendo? Leo ukifika nyumbani, tazama kwanza chini ya nyayo zako. Kisha sogea. Na ukishasogea, ndugu yangu, usinune: cheza!