Mume Aliyeamini Macho Tu

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitika kama mnaumwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, huko Bara Hindi, palikuwa na mwalimu aitwaye Jayanta. Yeye na wenzake walishika neno moja: usiloliona kwa macho yako, usiseme unalijua. Miungu, pepo, maisha ya baada ya kufa, yote aliyakataa. Waliomsikiliza walimsifu. Mkewe, Malati, ndiye aliyeishi naye.

Siku moja Malati akamwambia, "Bwana, tuanue mpunga. Mvua inakuja."

"Umeiona kwa macho yako?"

"Nimeona mawingu."

"Basi umeona mawingu, mke wangu. Mvua hujaiona."

Mpunga ukalowa, ukaota palepale ulipoanikwa.

Siku nyingine akamwambia, "Bwana, ghala linaungua. Moshi ule."

"Moto umeuona kwa macho yako?"

Malati alibeba mtungi, akakimbia peke yake, akaokoa nusu ya ghala. Alirudi nyusi zimeungua, akamkuta mumewe bado anafikiri.

Kisha kengele ya dhahabu ikapotea hekaluni. Malati alikuwa ameonekana akitoka humo alfajiri, kajifunika shuka. Kuhani akamshtaki kwa mfalme, na adhabu ya mwizi wa hekalu ilikuwa kukatwa mkono. Wakamfunga kamba.

Jayanta akasimama barazani. "Kuhani, ulimwona akiichukua, kwa macho yako?"

"Nilimwona akitoka."

"Basi umeona mwanamke akitoka. Wizi hujauona."

Mfalme akawauliza wote waliokuwepo. Hakuna aliyeona. Akaamuru Malati afunguliwe.

Njiani Malati alilia kwa furaha. Mpunga akausamehe, ghala akalisamehe. Akamshika mumewe mkono.

"Bwana, moyoni mwako ulijua kwamba sikuiba?"

Jayanta akafikiri. Akafikiri tena. Akafikiri sana.

"Mke wangu," akasema, "mimi sikuwepo."

Malati akauachia ule mkono. Akashika njia ya kwa mama yake, wala hakugeuka nyuma.

Jioni majirani wakamwuliza Jayanta, "Atarudi?"

"Sijui," akasema.

Neno hilo alikuwa amelisema maisha yake yote kwa majivuno. Siku hiyo alilisema akilia.

Hadithi yangu imekomea hapo. Na habari za kengele msiniulize. Kalaleni.